Vidonge vitamu vya mafua: homeopathi ni nini, na ndani yake kuna nini?

Mafua makali yakishaingia bondeni, hayakai nyumba moja. Leo anakohoa mtoto wa jirani, kesho darasa zima, na baada ya wiki moja hata kwenye basi la kutoka Ifakara kwenda Mahenge kila kiti kina mtu anayepenga kamasi. Hapo ndipo simu ya studio huanza kupokea swali ambalo limetufikia tena na tena: kuna vichupa vidogo vyenye chembe nyeupe, ukiziweka chini ya ulimi zinayeyuka kama pipi. Anayeuza anasema ni dawa ya homeopathi, haina madhara, inatibu mafua na inakinga familia nzima mlipuko unapotokea. Je, ni kweli?

Tumeamua kulijibu kwa maandishi, kwa sababu kwenye kipindi dakika zinakwisha kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe. Nalo halihusu mafua peke yake. Hapa Kilombero na Ulanga, mtu akianza na joto la mwili, kichwa na viungo kuuma, huwezi kusema kwa macho kama ni mafua, malaria au nimonia. Kwa hiyo dawa anayoianza nayo mgonjwa siku ya kwanza inaweza kuamua mengi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili

Watu wengi huichanganya homeopathi na miti shamba. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Bibi anapochemsha majani ya mwarobaini, kile kikombe kina kitu ndani yake. Kichungu, kina rangi, kina harufu, na ukikizidisha kinaweza kukudhuru. Dawa kadhaa kubwa za hospitali zilitoka kwenye mimea: kwinini ilitoka kwenye gamba la mti wa sinkona, na sehemu moja ya dawa ya mseto tunayopewa zahanati kwa malaria ilitoka kwenye artemisia, mmea uliotumika China kwa karne nyingi. Mganga wa tiba asili anaweza kukosea, dozi yake inaweza kuwa haijapimwa, lakini kikombe chake si kitupu.

Homeopathi haikuanzia Afrika wala China. Ilianzishwa Ujerumani na daktari aliyeitwa Samuel Hahnemann, aliyezaliwa mwaka 1755. Na chanzo chake kinatugusa sisi watu wa bonde la mbu: mwaka 1790 Hahnemann alimeza gamba la sinkona akiwa mzima, akasema amepata baridi, mapigo ya moyo na dalili nyingine kama za homa ya vipindi, yaani homa ambayo sisi leo tunaiita malaria. Akahitimisha kwamba kitu kinacholeta dalili fulani kwa mtu mzima kinaweza kumponya mgonjwa mwenye dalili zilezile. Kitunguu kinatoa machozi na kamasi, basi kitunguu kitatibu mafua yenye machozi na kamasi. Mwaka 1796 aliandika wazo hilo, na mwaka 1810 akalitolea kitabu kizima.

Tunajua leo kwamba kwinini haiponyi malaria kwa kufanana nayo. Inaponya kwa kuua vimelea kwenye damu, jambo ambalo Hahnemann hakuweza kulijua, kwa kuwa vimelea hivyo vilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1880, yeye akiwa amekufa tangu 1843. Hatumlaumu kwa hilo.

Wazo la pili ndilo lenye utata zaidi. Hahnemann aliona baadhi ya vitu alivyotumia ni sumu, akaanza kuvipunguza kwa maji au pombe. Kisha akasema kadiri unavyozidi kupunguza, huku ukitikisa chupa kwa nguvu kila hatua, ndivyo dawa inavyozidi kuwa na nguvu. Kila mpika chai anajua kwamba ukizidisha maji chai inapooza. Homeopathi inasema kinyume chake.

Tuhesabu kwa ndoo na kwa majaruba

Kwenye kichupa utaona namba na herufi C. Maana ya 1C ni tone moja la kitu kilichochanganywa kwenye matone 99 ya maji, jumla 100. Ukichukua tone moja la mchanganyiko huo ukaliweka tena kwenye matone 99, unapata 2C. Ukirudia, 3C. Kufikia hapo tone lako la kwanza ni sawa na limewekwa kwenye lita 50 za maji, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Bado unaweza kufikiria.

Fika 6C. Sasa ni lita milioni 50. Chukua eka zaidi ya 120 za mpunga, zijaze maji ya kina cha sentimita 10, halafu dondosha tone moja kwenye jaruba la kwanza. Fika 12C. Hapo ungehitaji maji ya Ziwa Tanganyika, lile lenye kina kirefu kuliko maziwa yote ya Afrika, zaidi ya mara 2,000. Kuanzia hapo hesabu ya kemia inasema uwezekano ni mkubwa kwamba hakuna hata chembe moja ya kitu cha mwanzo iliyobaki kwenye tone unalopewa.

Dawa ya homeopathi iliyotangazwa India mwanzoni mwa mwaka 2020, wakati UVIKO-19 inaanza kusambaa, ilikuwa ya 30C. Wizara inayosimamia tiba za jadi na mbadala nchini humo ndiyo iliyoipendekeza kama kinga. Na ile inayouzwa zaidi duniani kwa ajili ya influenza, iitwayo Oscillococcinum, imeandikwa 200. Hakuna bahari inayotosha kueleza namba hiyo, kwa hiyo tuishie hapo. Maji hayo hudondoshewa juu ya chembe za sukari, yanakauka, na chembe ndizo zinazouzwa. Ndiyo maana ni tamu.

Asili ya hiyo Oscillococcinum yenyewe ni hadithi. Daktari mmoja Mfaransa, Joseph Roy, wakati wa mlipuko mkubwa wa mafua mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, alisema ameona kwa darubini vijidudu vinavyotetema kwenye damu ya wagonjwa wa mafua. Akavipa jina. Baadaye akasema ameviona pia kwenye saratani na magonjwa mengine mengi, na hatimaye kwenye ini la bata. Hakuna mwingine aliyewahi kuviona. Virusi halisi vya influenza ya binadamu vilipatikana mwaka 1933, na ni vidogo mno kuonekana kwa darubini aliyokuwa nayo Roy. Lakini dawa imebaki, na hadi leo hutengenezwa kwa kuanzia ini na moyo wa bata. Ni wale bata wakubwa wenye nyama nyekundu usoni, tunaowafuga hapa nyumbani bila kujua kwamba wana soko Ulaya.

Mbona watu wanapona?

Hili ndilo swali ambalo muuzaji atakuuliza, na ni swali zuri. Mtu alimeza chembe zile siku ya pili ya mafua, siku ya tano akaamka mzima akaenda shamba. Ameona kwa macho yake. Utamwambiaje kwamba hazikufanya kazi?

Utamwambia kwamba mafua ya kawaida, na hata influenza kwa watu wengi wenye afya, huondoka yenyewe ndani ya wiki moja hivi, ingawa kikohozi na uchovu vinaweza kuendelea siku nyingi zaidi. Watu hutafuta dawa wanapozidiwa, na baada ya kuzidiwa kinachofuata kwa kawaida ni nafuu. Chochote ulichotumia siku ile kitapata sifa: chembe za sukari, ndimu, tangawizi, maombi au kulala tu.

Njia ya kujua ni kulinganisha, na jambo hili wazee na akina mama wa bonde hili wanalifahamu kuliko watu wengi duniani. Ifakara ni mahali ambapo utafiti wa tiba umefanyika tangu miaka ya 1950, kuanzia maabara ndogo ya Waswisi hadi Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwaka 1993 chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66, iliyobuniwa na mwanasayansi wa Colombia, Manuel Patarroyo, ilijaribiwa kwa watoto 586 wa Idete. Nusu walipata chanjo, nusu walichomwa sindano isiyo na chanjo. Mzazi hakujua mwanawe yuko kundi gani, wala daktari aliyempima hakujua. Matokeo yalipotoka mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31. Watu walifurahi. Chanjo ya malaria, tena kutoka kwetu!

Kisha ikajaribiwa Gambia, ikajaribiwa Thailand, kinga haikuonekana. Ikarudi Kilombero kwa watoto wachanga, haikuonekana. Ikaachwa. Hatusemi haya kwa huzuni. Tunayasema kwa sababu watoto wa Idete waliisaidia dunia kujua ukweli, na kwa sababu yanaonyesha jinsi ilivyo rahisi jambo kuonekana limefaulu mara moja halafu likapotea ukilipima tena. Chanjo iliyotengenezwa na wataalamu, yenye dawa halisi ndani, ilipimwa hivyo na ikaanguka. Chembe za mafua nazo zipimwe hivyo hivyo.

Zimepimwa. Shirika la Cochrane, linalokusanya majaribio ya tiba kutoka nchi mbalimbali na kuyachambua, liliwahi kukadiria kwamba Oscillococcinum ilipunguza muda wa kuugua kwa siku 0.28, yaani kama saa sita au saba hivi, na kwamba haikukinga. Uchambuzi wao wa mwaka 2015 ulisema majaribio yenyewe hayakuwa na ubora wa kutosha kutoa jibu la uhakika la kuiunga mkono. Mwaka huohuo baraza la utafiti wa afya la Australia, baada ya kupitia magonjwa mengi, lilisema halikupata ugonjwa wowote ambao kuna ushahidi wa kutegemeka kwamba homeopathi inauponya. Mwaka 2017 huduma ya afya ya taifa ya Uingereza kwa upande wa England iliwashauri madaktari wake waache kuiandika.

Utasikia pia hesabu ya mwaka 1918. Wapenzi wa homeopathi hupenda kuitaja: kwamba Marekani, katika ule mlipuko uliotokea duniani kote, madaktari wa homeopathi walihesabu wagonjwa zaidi ya 26,000 na waliokufa ni kama asilimia 1 tu, huku wa madaktari wengine wakifa asilimia 28. Tuiangalie kidogo. Kwanza, hesabu hiyo waliikusanya wenyewe, kila daktari akitoa taarifa za wagonjwa wake. Hakuna aliyehakikisha kwamba wagonjwa wa pande zote mbili walikuwa na hali sawa. Pili, makadirio ya kawaida ya vifo kati ya waliougua influenza ile ni asilimia 2.5 au zaidi kidogo. Asilimia 28 haiwezi kuwa picha ya wagonjwa wote wa madaktari wengine. Inafanana zaidi na wodi ya waliokwisha kupata nimonia. Ukilinganisha mafua ya nyumbani na nimonia ya wodini, hata maji ya kisima yatashinda.

Kuna sababu nyingine ya zamani, na hapa tuwape haki yao. Karne ya 19 madaktari wengi wa Ulaya walitoa wagonjwa damu na kuwanywesha zebaki. Aliyekwenda kwa homeopathi akapewa maji, kitanda safi na utulivu alikuwa na nafuu kuliko aliyetolewa damu. Homeopathi ilijipatia jina zuri kwa kutomdhuru mgonjwa.

Mlipuko ule ulifika na huku. Vita ilikuwa imepita kwetu mwaka mmoja tu kabla. Mahenge ilitoka mikononi mwa Wajerumani Oktoba 1917, na vyakula vya watu vilikuwa vimechukuliwa na majeshi ya pande zote. Influenza ikaja juu ya njaa. Hata askari na wapagazi walionusurika vitani, wengine walikufia kambini kwa mafua baada ya silaha kuwekwa chini.

Tulivyofanya wakati wa Korona

Hakuna haja ya kuwacheka Wazungu na bata wao. Sisi nasi tuna kumbukumbu. Mwaka 2011 maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa nchini. Mwezi Mei ndege ya serikali ilikwenda Madagascar kuleta kinywaji cha artemisia. Majirani zetu wakajifukiza kwa mikaratusi, michaichai na maganda ya machungwa mpaka sufuria zikatoboka. Mwishoni mwa Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe mbele ya kamera.

Kujifukiza si homeopathi. Mvuke wa moto unaweza kumfanya mtu aliyeziba pua ajisikie anapumua vizuri kwa muda, na hilo halina ubishi. Hauui virusi vilivyo ndani ya mapafu. Tunachoogopa zaidi ni sufuria: mtoto akifunikwa blanketi juu ya maji yanayochemka, ajali ni ya sekunde moja. Mtoto mdogo asijifukize.

Kwa upande wa sheria, Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake husajili waganga, vituo na dawa. Kwa hiyo kuwepo kwa mtu anayetoa tiba mbadala si kosa kwa yenyewe. Mkoani Kilimanjaro kwa mfano kuna wataalamu wa homeopathi kutoka nje waliokuja kuhudumia watu wanaoishi na VVU. Lakini usajili wa mtu si uthibitisho kwamba dawa yake inatibu influenza. Ni kama leseni ya udereva: inasema huyu anaruhusiwa barabarani, haisemi gari lake lina breki.

Mwaka 2009, mwaka ambao influenza mpya ya H1N1 ilienea duniani na mwezi Julai ikafika Tanzania, kundi la madaktari na watafiti vijana liliandika barua kwa Shirika la Afya Duniani likiomba lipinge homeopathi kutumiwa katika nchi zetu kwa magonjwa matano: VVU, kifua kikuu, malaria, influenza na kuhara kwa watoto wachanga. Agosti mwaka huo wataalamu wa shirika hilo walijibu kwamba hawapendekezi homeopathi kwa kifua kikuu, malaria, VVU wala kuhara kwa watoto. Vijana wale hawakuandika bila sababu. Miaka mitatu kabla, London, mtafiti mmoja alijifanya msafiri anayekuja Afrika akatembelea kliniki na maduka 10 ya homeopathi kuomba ushauri wa kinga ya malaria. Yote 10 yalimpa bidhaa za homeopathi. Kama angekuja nazo Kilombero wakati wa mvua, tunajua ambacho mbu wangemfanyia.

Homa ya hapa si homa ya London

Tunafika kwenye jambo lenyewe. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 waliofika vituo vya afya vya Dar es Salaam na Ifakara wakiwa na homa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Kati ya kila watoto 100, kama 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Wenye malaria walikuwa kama 10 hivi. Wenye taifodi hawakufika 4. Kwa jumla, watoto saba kati ya kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi, influenza ikiwa miongoni mwake.

Soma hesabu hiyo kwa pande mbili. Upande mmoja unasema homa nyingi za watoto wetu ni mafua na ndugu zake, na zitapona bila dawa kali. Kwa hiyo kukimbilia amoksilini ya dukani kila mtoto anapokohoa ni kupoteza hela na kuzoesha vijidudu. Upande wa pili unasema yule mmoja kati ya kumi ana malaria, na kwa macho hana tofauti na wale tisa. Ukiwapa wote kumi chembe za sukari, sita au saba watapona na watakusifu sokoni. Yule mwenye malaria anaweza kuanza degedege usiku wa pili.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaosema, "Kwani zina ubaya gani, si sukari tu?" Ubaya wake ni siku zinazopotea. Mwenzetu aliyeko Ulaya ana gari na hospitali dakika kumi. Huku kwetu msimu wa kulima familia nzima inahamia shambani, kwenye dungu, kilomita nyingi kutoka kijijini. Daraja la Mto Kilombero limetuondolea yale mateso ya kumsubirisha mgonjwa pantoni hapa Kivukoni usiku wa manane, lakini kutoka dungu hadi barabarani bado ni miguu, matope na mtumbwi. Mama anayesema "tumpe kwanza hizi, tuone kesho" anatumia siku ambayo hana ya akiba.

Basi ukiwa na mgonjwa wa homa, mtoto hasa, pima malaria siku ileile au kabla ya saa 24 kupita. Kipimo cha haraka kinapatikana zahanati, ni tone la damu ya kidoleni na dakika kama 15 au 20. Kikionyesha malaria, dawa ni mseto, na dozi inamalizwa hata kama amechangamka siku ya pili. Kikionyesha hakuna, usishinikize upewe mseto "kwa usalama". Muulize mtaalamu ameona nini kingine.

Kama ni mafua: apumzike, anywe maji na vinywaji vya moto, mtoto aendelee kunyonya, na panadol kwa uzito wake kwa ajili ya homa na maumivu. Asipewe aspirini. Asali kwa kikohozi inafaa, lakini si kwa mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja. Ndimu na tangawizi hatuzikatazi, zinaliwaza koo. Mgonjwa akohoe kwenye kiwiko, afungue madirisha, na kama kuna mjamzito, mzee, mtoto mchanga au mwenye pumu, kisukari au sikoseli ndani ya nyumba, asilale naye chumba kimoja ikiwezekana. Hao ndio influenza huwaangusha, na wao wakianza homa waende kituo cha afya bila kusubiri wiki.

Simu uliyoshika sasa hivi ina saa ya sekunde. Ifungue, mvue mtoto shati akiwa ametulia, halafu hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka, akifika 50 au zaidi, ni haraka mno. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Mchanga wa chini ya miezi 2, ni 60. Anayepumua hivyo huenda ana nimonia na anatakiwa aonwe leo. Kifua kikibonyea kwa ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, usihesabu chochote, ondoka naye. Mtu mzima anayekosa pumzi, mwenye maumivu ya kifua, anayechanganyikiwa, au aliyepata nafuu ya mafua halafu homa ikarudi kwa nguvu, naye vilevile. Ukiwa huna wa kumuuliza, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Waliokwisha nunua

Wachache wametuandikia kwa aibu kidogo: wameshanunua, wafanye nini? Hakuna cha kuonea aibu. Wengi walivutwa na kitu ambacho zahanati zetu mara nyingi hazina, yaani muda. Anayetoa homeopathi hukaa na mgonjwa, humuuliza analalaje, anaota nini, anapenda kula nini. Zahanati yenye foleni ya watu sitini na mhudumu mmoja haiwezi hilo, na mtu akisikilizwa hupata nafuu ya moyo. Tumewahi kulisema hewani na tutaendelea kulisema, maana foleni ile si kosa la mgonjwa.

Kichupa chenyewe kisome. Kama imeandikwa 12C, 30C, 200C, ni sukari. Haitakudhuru wala haitakutibu, ila mwenye kisukari ajue hivyo. Kama namba ni ndogo, mfano 1X au 2X, ambapo X ni kupunguza mara kumi badala ya mia, bado kuna kitu ndani na si kila mara kitu salama. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu waache dawa moja ya mafua ya kupaka puani, iliyouzwa kwa jina la homeopathi lakini ikiwa na zinki ya kutosha, baada ya watumiaji wengi kulalamika kwamba wamepoteza uwezo wa kunusa. Na kama kichupa hakina maandishi kabisa, au kimebandikwa karatasi ya kuandikwa kwa kalamu, kipeleke Duka la Dawa Muhimu au kwa mfamasia wa wilaya, umwonyeshe, umuulize kama kimesajiliwa. Unayemeza ARV, dawa za kifua kikuu, za presha au za kifafa, usiruke hata kidonge kimoja kwa sababu umeanza chembe hizi, hata kama aliyekuuzia amekwambia dawa za hospitali "zinaua nguvu" ya dawa yake.

Jumamosi tutakuwa na mganga mkuu wa zahanati studioni kuzungumzia nimonia kwa watoto. Tuma swali lako kwa ujumbe mfupi kabla ya Ijumaa jioni, na ukiweza andika umri wa mtoto na siku ngapi amekuwa na homa. Kama homa imezidi siku moja, usisubiri Jumamosi.